Gati na Vichochoro vya Lamu Viwe vya Kila Mkazi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Lamu tumelizoea hata hatulioni tena, nalo ni namna jirani zetu wenye ulemavu wanavyolazimika kubebwa ili wafike mahali ambapo wengine wetu hufika bila hata ya kufikiri. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akitaka kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, ambako ndiko mabasi ya Mombasa yanakoanzia safari, hufika gatini akasubiri vijana wawili watatu wenye nguvu na moyo. Huwapata, kwa kuwa watu wa Lamu si wachoyo wa msaada. Mmoja humshika kwapani, mwingine magotini, wa tatu huteremka na kiti, na abiria yule hutiwa botini mbele ya kadamnasi bila ya kuulizwa ashikwe vipi. Maji yakiwa yamejaa shughuli hiyo ni nyepesi, kwa sababu ukingo wa boti hukaribia kulingana na gati. Yakikupwa, boti huwa chini sana na ngazi huwa na utelezi wa mwani. Nimemwona mama mtu mzima, mwenye buibui lake na heshima zake, akigeuza njia kurudi nyumbani siku ya tarehe yake ya hospitali kwa sababu hakuridhia kuteremshwa mikononi mwa wanaume asiowajua. Watu waliokuwapo walisema ana ukaidi. Mimi naona alikuwa analinda sitara yake, na kwamba mji ndio uliomlazimisha kuchagua kati ya sitara na matibabu.

Siwalaumu vijana wale, wala sitaki mtu yeyote asome barua hii akaacha kumsaidia mwenzake. Ninachosema ni kwamba mtu mzima asiyeweza kusafiri mpaka wengine wapate nafasi hana uamuzi juu ya safari yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na ya kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, umeweka kujitegemea na kujumuishwa katika jamii ndani ya ibara moja, yaani ya 19, na naona waliouandika walifanya vyema kutovitenganisha, kwani mtu anaweza kuwekwa ndani na kutunzwa kwa kila kitu na bado akawa hayumo katika mji anaoishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha. Sasa sheria mpya ya mwaka 2025 imechukua nafasi yake. Anayetaka kujua hali ilivyo kwetu na atembee kutoka mtaa wa Langoni hadi mtaa wa Mkomani, ahesabu ni milango mingapi ya ofisi na maduka ambayo mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuiingia peke yake.

Jibu ambalo hutolewa kila suala hili linapozuka ni kwamba Lamu ni mji wa kale, kwamba tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco, na kwa hivyo mawe yake hayaguswi. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa nami sipendi kuona saruji ikipakwa juu ya kuta za matumbawe na chokaa. Lakini mteremko wa mbao unaowekwa asubuhi mlango unapofunguliwa na kuondolewa jioni hauharibu jiwe hata moja. Matondoni wapo mafundi wanaounda jahazi nzima kwa tezo na msumeno. Sidhani kwamba ubao mpana wenye kingo na mahali pa kushika unaweza kuwashinda. Isitoshe, mji huu tangu hapo una desturi ya kumjengea mpita njia. Baraza zilizo nje ya nyumba zetu zilijengwa na watu binafsi, kwa gharama zao, ili mtu aliyechoka apate pa kukaa bila ya kubisha hodi, na mteremko mlangoni ni ndugu wa baraza.

Nisije nikaonekana nazungumzia viti vya magurudumu tu. Katika vichochoro vyetu, mwenye punda akija na mzigo hupiga kelele, "Simile! Simile!" na watu hujibanza ukutani. Asiyeona huisikia sauti hiyo akajihami, japokuwa hana budi kujua kama mbele yake kuna mtaro usiofunikwa au rundo la mchanga lililoachwa na wajenzi. Kiziwi haisikii kabisa, na punda aliyebebeshwa mawe humjia kwa mgongo. Hapana haja ya mradi mkubwa kulitatua hili: wenye punda wanaweza kukubaliana kumtangulia mnyama katika njia nyembamba badala ya kumswaga kwa nyuma, na anayejenga alazimishwe kuacha nafasi ya kupita. Hata hivyo wazo hili halitatoka vikaoni ikiwa viziwi hawamo. Nimehudhuria kikao cha kukusanya maoni ya umma kilichofanyiwa ghorofani, bila ya mkalimani wa lugha ya ishara, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba wakazi wote walialikwa.

Hali ni nzito zaidi kwa watu wa visiwa. Boti za Pate na Faza zinazopita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, huenda kwa kufuata maji, na anayetoka huko kuja hospitali kuu ya kaunti kuonana na daktari hujikuta ameteremka kwa shida upande mmoja na kupanda kwa shida upande wa pili. Hata yule anayekuja kupimwa ulemavu wake ili apate kusajiliwa lazima kwanza ayashinde yale yale anayokuja kuandikisha.

Iko sehemu ya jambo hili ambayo serikali haiwezi kuifanya, na ni ngumu kuisema kwa kuwa inagusa mapenzi ya wazazi. Wapo vijana wa miaka ishirini na zaidi, wenye akili timamu na mikono mizima, ambao hawajawahi kutumwa dukani kwa sababu hawaoni. Wazazi wao wanachelea wasije wakaanguka, na khofu hiyo ni ya kweli. Basi tukikumbuke kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amesomeshwa, cha sahaba Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuwa haoni. Mtume (SAW) hakumweka pembeni akapelekewa sadaka; alimfanya mwadhini wa Madina, na zaidi ya mara moja alimwachia mji ausimamie alipotoka safarini. Sisi tunaowapa wenzetu shilingi mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa tujiulize ni wangapi kati yao tumewahi kuwapa dhamana yoyote, iwe ya kuadhini, ya kuweka hesabu za chama au ya kufundisha watoto. Kazi ya nakshi, ambayo ndiyo fahari ya milango yetu, hufanywa kwa jicho na mkono, na kiziwi aliyepata fundi wa kumfunza hana upungufu wowote mbele yake.

Naiomba serikali ya kaunti itenge fedha za kujenga gati ndogo inayoelea, itakayopanda na kushuka na maji, hapa mjini na Mokowe kwa kuanzia. Wakati zikisubiriwa, kila boti ya abiria iwe na ubao wa kupandia wenye kingo kama sharti la kupewa leseni, na vyama vya wenye boti vishirikishwe katika kuamua vipimo vyake. Maofisa wakija kukagua, nawasihi waje maji yakiwa yamekupwa, na waandamane na anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, na kiziwi pamoja na mkalimani wake, wote wapewe nafasi ya kupanda boti wenyewe kabla ya ripoti kuandikwa.

Wako msomaji,
Mkazi wa Langoni, Lamu