Barua kwa Kaka Kuhusu Fedha za Mtoto

Leeds, Uingereza
Tarehe 9 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa pamoja na wifi,

Nawasalimu nyote, na kwa namna ya pekee namsalimu Mama, ambaye najua atasomewa barua hii akiwa kwenye kigoda chake cha jikoni, akijifanya hasikilizi. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, na zamu za usiku katika makao ya wazee ninakofanya kazi zinaendelea kama kawaida. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu Jumapili iliyopita tulikatizana maneno mara tatu, na jambo lenyewe halifai kuzungumzwa kwa kukatizana.

Nimeisoma nakala ya hukumu uliyonitumia, ukurasa kwa ukurasa. Mahakama imemfidia mwanetu shilingi 2,850,000 kwa mguu alioupoteza pale barabara kuu ya kwenda Eldoret, na wakili akishachukua ada yake zitabaki kama shilingi 2,200,000. Umenieleza kwamba kuna ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kiamunyi, kwamba mwenyewe ana haraka ya kuuza, na kwamba unataka wakili apeleke ombi mahakamani ili fedha zote zitolewe kwa mkupuo mmoja. Ukaniomba nikuunge mkono mbele ya Mama. Kaka, siwezi, na nakusihi unisikilize hadi mwisho kabla hujakasirika.

Ukiirudia hukumu hiyo utaona kwamba hakimu hakutaja kiasi kimoja tu. Shilingi 1,600,000 ni za maumivu na ulemavu. Shilingi 1,064,000 ni za matibabu ya baadaye. Na shilingi 186,000 ni za gharama mlizozithibitisha kwa risiti, yaani gari la wagonjwa, kitanda cha hospitali, dawa na yale magongo ya kwanza. Hizo za risiti ni zenu, maana mlizitoa mfukoni, na baadhi yake mlikopa kwenye chama cha akiba cha wifi. Zichukueni mlipe deni bila kumwonea mtu haya. Lakini zilizobaki hazikutolewa kwa sababu wewe ni baba yake. Zilitolewa kwa sababu kijana ana miaka 8 na mfupa wake bado unakua. Daktari alilieleza hilo katika ushahidi wake, nawe ulikuwa umeketi pale: mguu bandia wa mtoto hubadilishwa mara kwa mara kadiri anavyorefuka, pengine kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na wakati mwingine mfupa ulio ndani ya kigutu hukua hadi ukaanza kuisukuma ngozi, ikalazimu apasuliwe tena. Ile shilingi milioni moja na ushei, kwa hiyo, ni miguu ambayo bado haijatengenezwa. Tukiigeuza kuwa ploti, Januari atakapolia kwamba mguu unambana, tutamwambia nini? Tukate kipande cha ploti tukauze?

Kuhusu sheria, wakili wako atakueleza vizuri kuliko mimi, ila nijualo ni kwamba wewe hukushtaki kwa jina lako. Ulishtaki kwa niaba ya mtoto, na Agizo la 32 katika Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya za mwaka 2010 haliruhusu mtu aliyesimama kwa niaba ya mtoto apokee fedha zake, wala akubaliane na upande wa pili kuzihusu, bila idhini ya mahakama. Katiba nayo, katika Kifungu cha 53, inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ndiyo maana mahakama huagiza fungu la mtoto liwekwe kwenye akaunti yenye riba hadi atimize miaka 18, na mzazi akihitaji kitu kwa ajili ya mtoto huyo hurudi kuomba na kueleza. Najua unaona hiyo ni dharau, kana kwamba hakimu anakushuku wizi. Mimi naona ni afadhali mno, kwa sababu inakupa jibu la kumpa kila mtu. Umeniambia kwamba watu ambao hawakuja hospitalini hata siku moja sasa wanabisha hodi na kilo mbili za sukari mkononi. Waambie fedha ziko mahakamani. Utakuwa umesema kweli, na hakuna atakayekuita mchoyo.

Sasa niseme lile ambalo hatujawahi kulizungumza tukiwa watu wazima. Baba alipofariki kazini mwaka 1994, wewe ukiwa na miaka 12 nami miaka 7, hundi ya fidia ilipokewa na baba mdogo. Tulimwona akiileta nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, na Mama hakuulizwa ila kutia alama ya kidole gumba. Ilinunuliwa mashine ya kusaga unga pale Njoro, nayo ilisaga vizuri kwa miaka miwili. Kisha paa la nyumba ya nyanya likang'olewa na upepo, kisha kukawa na matanga, kisha mashine ikahitaji kipuri ambacho hakikupatikana. Wewe uliacha shule ukiwa kidato cha pili. Mimi nilipotimiza miaka 18 nilimwendea nikiwa na barua ya kujiunga na chuo, naye akanichukua taratibu hadi nyuma ya nyumba, akanionyesha injini yenye kutu ambayo kuku alikuwa ameatamia ndani yake, akaniambia, "Haki yenu ni hii, mwanangu." Alilia, kaka. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwa sababu mwizi ningeweza kumchukia. Kila shilingi ilikwenda kwenye jambo la maana, na hakuna hata moja iliyoandikwa mahali.

Hoja yako kwamba ardhi haiozi si hoja ya kijinga, nami siidharau. Bei za ploti zimepanda tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, na ni kweli kwamba fedha zikilala tu huliwa na bei za vitu. Lakini hukuniambia hatimiliki itaandikwa jina la nani. Nilipokuuliza ulisema tutalitazama baadaye, na hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mwenye kuuza kwa haraka naye huwa ana sababu yake. Nakuru hatujasahau watu waliouziwa ploti moja wakiwa watatu.

Badala yake, nimejaribu kupiga hesabu ya zile milioni mbili zitakazobaki mkishatoa zenu za risiti. Benki ikikubali kutoa riba ya asilimia 9 kwa akaunti ya muda maalumu, mwaka mmoja utaleta shilingi 180,000; kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba itachukua 27,000, zibaki 153,000, na mtaji haujaguswa. Mnaweza kuomba mahakama iruhusu riba hiyo itumike kwa karo na kwa mguu. Jambo moja la kuangalia ni kwamba benki ikianguka, bima ya amana humlipa mteja hadi shilingi 500,000 tu, na tuliona mwaka 2015 na 2016 jinsi benki tatu zilivyofungiwa milango watu wakiwa na akiba zao ndani. Kwa hiyo muulize wakili kama sehemu inaweza kuwekwa kwenye bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa muda uliopangwa, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Bondi ya miaka kumi ikinunuliwa mwaka huu itaiva wakati kijana anapofikia miaka 18, utadhani ilipangwa kwa ajili yake.

Hapa Uingereza mwenzangu mmoja wa kazini ana binti aliyeumia alipokuwa anazaliwa. Fedha zake zinatunzwa na ofisi ya mahakama, na mama huyo huandika barua kila anapotaka kumnunulia kitu, akaambatisha bei zake. Analalamika kwamba wanachelewa, na kweli wanachelewa. Lakini kila mwaka anapata karatasi inayoonyesha kilichoingia na kilichotoka.

Ninachokuomba ni kwamba usipeleke ombi la kutoa fedha zote. Kama mnahitaji kuhama huko mnakoishi ili kijana awe karibu na shule, au kujenga choo anachoweza kukitumia bila kubebwa, ombeni kiasi hicho hasa, nami nitakuunga mkono mbele ya Mama na mbele ya hakimu. Wifi, wewe una mwandiko mzuri na hakuna unachosahau: nunua daftari la kurasa 200, uandike kila shilingi itakayotoka, tarehe na sababu yake, ubandike na risiti. Kuhusu kodi ya nyumba iliyokusukuma kuitamani ploti hiyo, kuanzia mwezi ujao nitakuwa nikituma shilingi 15,000. Ningeweza kusema zaidi, lakini sitaki kuahidi nisichoweza kukitimiza.

Kijana aliniambia kwenye simu, wewe ukiwa umetoka nje, kwamba anataka viatu vya mpira kama vya wenzake, na kwamba wanamchezesha golikipa. Nitamtumia na mtu anayekuja Nakuru wakati wa Pasaka. Nipimie mguu wa kulia kwa rula akiwa amesimama, na pia unyayo wa ule wa bandia, maana kiatu lazima kiingie kote kuwili. Nitapiga simu Jumapili saa mbili usiku.

Dada yako akupendaye.