Geji ya presha ya oili kwenye pikipiki ya zamani: tunazofunga na tunazokataa

Mzee mmoja alitufikia asubuhi akiisukuma Honda CB750 yake ya mwaka 1975. Hakutaka hata kuiwasha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jana kwenye foleni ya Buguruni taa ya oili imewaka, nikazima papo hapo. Nifungie geji, nimechoka kubahatisha."

Alifanya vizuri kuzima na alifanya vizuri kuisukuma. Ila geji hatukumfungia siku ile. Tulichomoa kijiti cha kupimia oili, tukakuta imepanda kupita alama ya juu. Oili haizai. Tukanusa: petroli tupu. Sindano ya kabureta moja ilikuwa imeliwa, pikipiki ikilala usiku petroli inachuruzika kupitia kwenye silinda hadi ndani ya injini. Oili ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na oili nyepesi kwenye joto la Dar ndani ya foleni haiwezi kushika presha. Tukabadilisha sindano, tukamwaga oili, tukaweka filta mpya, taa ikatulia. Geji tulikuja kuifunga wiki iliyofuata, kwa roho nyeupe.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu maombi ya geji yameongezeka hapa gerejini, na karibu kila anayeomba ana tatizo ambalo anategemea geji italitibu. Geji haitibu, kazi yake ni kusema tu. Na kuna pikipiki nyingi ambazo geji hata kusema haina la kusema, hizo tunazikataa.

Tuanze na hiyo taa nyekundu. Chini yake hakuna kipimo, kuna swichi tu. Presha ikishuka hadi karibu na sifuri, kwa kawaida chini ya psi 7 hivi, swichi inaunganisha umeme na taa inawaka. (Psi ni zilezile za upepo wa tairi.) Sasa injini ya CB750 ikiwa nzima na imepata moto, kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inatoa psi hamsini na kitu hadi sabini. Maana yake presha inaweza kuporomoka kutoka 60 hadi 10, mwezi baada ya mwezi, na taa imelala fofofo. Ikija kuamka, mara nyingi krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imeshakwaruzwa. Hapo ndipo geji ina thamani: inakuonyesha mteremko kabla hujafika chini.

Lakini hiyo ni kwa injini za aina moja. Ndani ya injini, krenki inazunguka juu ya bering, na bering ziko za namna mbili. Kuna zile za maganda, vipande viwili laini vilivyopinda, vinakutana na kuikumbatia krenki. Hizi hazina gololi. Krenki inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ikikosekana, chuma kinasugua chuma. Honda za silinda nne za zamani, kuanzia CB750 iliyotoka 1969, ziko hivi. Namna ya pili ni bering za gololi au za roli. Hizo zinahitaji oili ya kuzilowesha tu, si ya kuzibeba, kwa hiyo kiwanda kiliweka pampu inayotoa oili nyingi kwa presha ndogo sana.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Kijana mmoja alituletea Kawasaki Z1000 ikiwa vipande ndani ya maboksi matatu. Gereji nyingine ilimfungia geji ya 0 hadi 100, wakawasha, mshale haukunyanyuka. Wakasema pampu imekufa. Wakafungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao haupo! Zile Kawasaki kubwa za miaka ya 1970 krenki yake inakaa kwenye bering za roli, na presha yake ya kawaida ni psi chache, za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwenye geji ya 100 hiyo haionekani, sawa na kupima kilo ya nyama kwenye mizani ya malori. Tulipima pampu ile, ilikuwa nzima. Kuirudisha injini kulituchukua siku nne, na yeye alilipa mara mbili kwa kosa ambalo si lake.

Sasa bodaboda. Ndugu zetu wa Boxer na wa zile za Kichina zilizotokana na Honda CG125, mnakuja sana na swali hili na jibu letu ni hapana, na si kwamba tunawadharau. Krenki zenu ziko kwenye gololi, na pia kwenye injini nyingi za aina hiyo hakuna hata tundu la swichi la kuanzia. Ukimwona fundi anatoboa injini ya Boxer ili achomeke geji, ondoa pikipiki yako. Injini hizo zinabeba oili karibu lita moja tu. Ikipungua robo, umepoteza robo ya ulinzi wote. Kwa hiyo geji yenu ni kile kijiti, asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, pikipiki ikiwa wima na si juu ya stendi ya pembeni.

Wenye Yamaha za silinda moja mna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui. Nyingi kati ya hizo zina boliti ndogo kwenye silinda hedi ya kuhakikisha oili inafika juu. Unailegeza kidogo bila kuitoa, unawasha bila kupiga resi, unasubiri. Oili ikianza kuvuja, kaza, uko salama. Dakika moja ikipita bila kitu, zima. Kazi hiyo ni ya spana moja na tambara.

Na tusiwasahau wenye Yamaha DT na AG100. Huwa tunaulizwa, tusicheke. Hizo ni tu-stroku: oili yake inachanganyika na petroli na kuungua, kwenye krenki hakuna presha ya kupima.

Basi, tuseme pikipiki yako ni ya kundi linalostahili. Kabla ya kufunga chochote tunapima kwa geji yetu ya gereji. Tunatoa swichi, tunafunga mpira wa kupimia, tunaiendesha hadi oili ifike joto la nyuzi 80 hivi, kisha tunasoma mara mbili: bila resi, na kwenye 4,000. Namba hizo mbili tunakuandikia kwenye risiti. Kama ni mbovu, tunasimama hapohapo na tunatafuta sababu. Kuna wateja wanakasirika, wanasema wamekuja kununua geji na si ushauri. Hawa huwa tunawaambia ukweli kwamba geji itawaonyesha kila siku kitu ambacho tumeshawaonyesha bure.

Kazi yenyewe si ndefu, saa mbili au tatu, ila kuna mahali pamoja pa kufanyia dhambi: uzi. Tundu la swichi kwenye pikipiki nyingi za Kijapani lina uzi wa mfumo wa Kiingereza wa moja ya nane, wenye mikato 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya Marekani, zina uzi wa Kimarekani wa moja ya nane, mikato 27. Kwa macho ni mapacha. Ukizungusha kwa vidole, mzunguko wa kwanza unaingia, wa pili unaingia, wa tatu unakaza. Na kwa kuwa uzi huu umechongoka kuelekea mbele na hutakiwa kukaza, fundi anaona mambo yako sawa, anachukua spana.

Mimi mwenyewe nilishapasua moja. Ilikuwa CB550, miaka ya mwanzo ya gereji hii. Nilisikia "tak", mlio mdogo tu kama kucha inavyokatika, nikajua. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele kwenye alumini, lakini oili ya moto yenye presha haihitaji mlango mpana. Injini ilishuka, ikafunguliwa, ikachomelewa. Gharama nililipa mimi, na mteja yule hadi leo akija lazima anikumbushe mbele za watu. Tangu siku hiyo kwenye droo ya juu kuna kipima uzi, na hakuna kiungio kinachoingia kwenye injini bila kupita hapo kwanza. Ukinunua geji yako mwenyewe Kariakoo, lete na kiungio chake tukikague. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba hatuitumii mdomoni mwa uzi: kipande kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili, na njia hizo zingine ni ndogo kuliko kijiti cha kiberiti.

Geji hatuiningʼinizi juu ya injini. Watu wanapenda ile ndogo inayochomekwa moja kwa moja, inapendeza kwenye picha. Lakini injini inatetemeka, geji ina uzito, na shingo ya kiungio inachoka hadi inakatika. Tunatumia mpira mfupi uliofumwa kwa nyaya za chuma, geji inakaa kwenye fremu au karibu na usukani. Mrija wa plastiki unaokuja ndani ya boksi tunautupa. Ukigusa bomba la moshi unayeyuka, na oili inayomwagika kwa presha inaangukia wapi? Kwenye tairi la nyuma. Geji yenyewe tunachagua ile iliyojazwa gliserini, kwa sababu isiyo na kimiminika mshale wake unacheza sindimba na baada ya miezi michache unavunjika. Taa ya kiwandani tunaiacha. Mchana kweupe ukiwa katikati ya daladala hutazami mshale, utaona taa.

Ukishafungiwa, jipe wiki moja ya kuizoea kabla ya kutupigia simu. Asubuhi oili ikiwa baridi mshale unaruka juu sana, ni kawaida. Ikipata moto kwenye foleni, bila resi, CB750 inaweza kushuka hadi psi 10 au pungufu kidogo, nayo ni kawaida, mradi ukivuta resi inapanda mara moja. Kinachotakiwa kukushtua ni badiliko: jana kwenye mwendo uleule na joto lilelile ilisoma 55, leo 40. Zima, pima oili, inusa.

Presha kubwa nayo isikulevye. Geji inasoma msukumo, haisomi kiasi cha oili kinachopita. Kwenye CB750 kuna vitundu vidogo vinavyopeleka oili juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Vikizibwa na silikoni aliyoipaka fundi kwa mkono mzito, geji chini inaonyesha vizuri kabisa huku kamshafti inasagika kavu. Ndiyo maana tukisikia mlio juu tunafungua kifuniko hata kama mshale unasoma 60. Vilevile wapo wanaomwaga oili nzito ili namba ipande, wanauza pikipiki jioni. Ukinunua ya mtu yenye geji inayometameta, uliza ni oili gani iko ndani. Na hakikisha chupa imeandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaoga kwenye oili ya injini, maana oili kadhaa za magari zinafanya klachi iteleze.

Bei tunakupa baada ya kuiona pikipiki, kwa sababu mpira na kiungio vinatofautiana. Njoo asubuhi ili ipate muda wa kupoa na kupata moto tena. Na tafadhali, usibadilishe oili kabla ya kuja. Tunataka kuinusa hiyohiyo.