Barua kwa mwanangu: shuka kusini ya Rimini

Vasto, mwezi Mei

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, alhamdulillahi.

Juzi kwenye simu ulisema bahari ya Italia haina lolote, miavuli tu safu kwa safu na mtu anayekudai pesa ukitaka kukaa. Nikajua umekwenda Rimini. Wanafunzi wa Bologna huanzia huko, maana kwa treni ni kama saa moja tu. Kwanza ujue haki yako: hata penye miavuli ya kulipia, sheria inakuruhusu kupita mpaka majini na kuoga bila kutoa senti. Pili, reli hiyohiyo inaendelea kusini ikifuata pwani ya Adriatiki, na huku mkoa wa Abruzzo kuna bahari ambayo hujaiona bado.

Ukifika Pescara badilisha treni, ushuke Fossacesia. Kuanzia Ortona hadi Vasto pwani hii inaitwa Costa dei Trabocchi. Trabocco (zikiwa nyingi, trabocchi) ni jukwaa la mbao lililosimamishwa juu ya nguzo baharini, limekazwa kwa nyaya, na kijidaraja chembamba cha mbao kinaliunganisha na nchi kavu. Kutoka hapo mikono mirefu ya miti imenyooshwa juu ya maji, inaning'iniza wavu mmoja mkubwa. Mvuvi anazungusha gurudumu, wavu unazama, anangoja, anazungusha tena, unapanda na samaki. Kwetu Pangani mtu huweka wando, yaani uzio wa kunasia samaki, maji yakipwa anakwenda kutoa samaki wake. Hapa kujaa na kupwa ni kudogo mno, bahari haimfanyii mvuvi kazi hiyo, basi ni wavu unaopanda na kushuka badala ya maji. Nilipolielewa hilo niliwapenda sana watu wa pwani hii. Siku hizi trabocchi nyingi ni mikahawa, na bei zake si za mwanafunzi. Zitazame ukiwa ufukweni.

Zamani treni zilipita ukingoni kabisa mwa bahari. Mwaka 2005 zilihamishiwa ndani kidogo, na njia ile sasa ni ya baiskeli, kama kilomita 40. Kodi baiskeli, simama popote utakapopenda, shuka uoge.

Ila mimi ningekupeleka Punta Aderci, hapa Vasto. Ni hifadhi tangu 1998. Unaanzia ufukwe wa Punta Penna, wenye mchanga na matuta yake ya asili, unapanda rasi kwa miguu, na upande wa pili ni Mottagrossa: kokoto tupu, hakuna mwavuli wa kukodi wala duka. Beba maji ya kutosha na viatu vya mpira, kokoto zile zinachoma. Kuna ndege mdogo, fratino, anayetaga juu ya mchanga wenyewe. Ukiona kamba zimezungushwa, usivuke. Na maestrale, upepo wa kaskazini-magharibi, ukivuma, kaa nchi kavu.

Usije katikati ya Agosti, wakati wa sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko baharini. Njoo Juni mtihani ukiisha, au Septemba, maji yakiwa bado ya vuguvugu.

Niambie tarehe kabla hujakata tiketi, nibadilishane zamu kazini. Nitapika brodetto ya hapa, samaki wa aina mbalimbali na nyanya na pilipili hoho kwenye chungu. Haikorogwi, chungu kinatikiswa tu. Nitakuachia wewe ukitikise.

Mama yako