Msiitupe diski ya pili

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mwandishi wenu wa safu ya burudani alituambia sisi wenye marundo ya DVD kwamba zama zetu zimekwisha, kila kitu kiko kwenye simu, na CD zilizobaki tuzitundike shambani zitishie ndege. Hilo la ndege nalijua. Shemeji yangu kule Mbarali alizitundika kwenye mpunga. Kwelea kwelea waliogopa siku tatu, ya nne wakawa wanatua jirani nazo kama waliokuja kujitazama kwenye kioo. Ila hilo la kila kitu kuwa kwenye simu si kweli, na naomba nafasi niseme kwa nini.

Mimi ni fundi wa redio, TV na deki hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa 23 sasa. Deki ninazoletewa siku hizi ni chache, na nyingi hata haziumwi: lenzi imeshika vumbi, naifuta kwa pamba na spiriti, mteja analipa amenuna kwa kuwa ameona kazi yenyewe ilivyo ndogo. Mwaka juzi mteja mmoja aliyerudi kutoka Uingereza alipungukiwa hela ya matengenezo, akaniachia boksi la DVD kufidia deni. Nyingi zilikuwa za mapishi na mazoezi ya viungo. Chini kabisa nikakuta Alien, ya diski mbili.

Hiyo ni muvi ya mwaka 1979, ya mwongozaji Mwingereza Ridley Scott. Huo ndio mwaka askari wetu walipoingia Kampala, na ndio niliozaliwa mimi, kwa hiyo ni rika langu. Watu saba wako kwenye chombo cha mizigo huko angani, wanaamshwa usingizini kabla ya kufika, wanashuka kwenye sayari wasiyoijua, na wanarudi na kitu ambacho kinawamaliza mmoja mmoja.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 1996 kwenye kibanda umiza nyuma ya soko, kwa mkanda uliokopiwa mpaka sura za watu zinanyeshewa mvua. Kanuni ya kibanda umiza kila mtu anaijua: steringi hafi. Sisi tukamteua nahodha, Dallas, kwa sababu ana ndevu na ndiye anayetoa amri. Katikati ya muvi Dallas anaingia kwenye mabomba ya hewa na silaha ya kurusha moto, dude linamtokea gizani, basi. Hakuna maiti wala damu. Kibanda kilichafuka. Kuna aliyedai nauli yake, maana alitoka Iyunga. Mwenye kibanda akatuambia steringi ni yule mwanamke, Ripley, aliyechezwa na Sigourney Weaver, tukamzomea.

Rafiki yangu, ambaye nitamwita Mwaisa kama mtaa mzima unavyomwita, alisema Dallas kafa. Mimi nikasema hajafa, kafichwa mahali, subirini. Tukawekeana shilingi 500, na muvi ikaisha Dallas hajaonekana. Hakuna aliyelipa kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi, na ubishi ule tumezeeka nao.

Sasa turudi kwenye boksi. Diski ya kwanza ni muvi yenyewe. Ya pili ndiyo yenye nyongeza: vipande vilivyokatwa, michoro aliyoichora mwongozaji kwa mkono wake kabla ya kupiga picha, mafundi na waigizaji wakisimulia kazi ilivyokwenda. Deki ya mteja mwingine ilizikataa diski zote mbili, kwa kuwa DVD hufungwa kwa namba ya kanda ya dunia zinakouzwa: za Uingereza ni namba 2 na sisi huku tumepangiwa namba 5. Deki yangu ya Kichina haijui mipaka ya nchi, ikazipokea. Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, tumesogeza jiko la mkaa karibu na mlango. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa ananisomea maandishi ya chini, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kwenye mabodi ya redio.

Tukafika kwenye vipande vilivyokatwa. Ripley anashuka chini ya chombo, anamulika, na ukutani amegandishwa Dallas. Yu hai! Anaongea kwa shida, anamwomba Ripley amuue. Ripley anamchoma moto.

Niliruka mpaka mke wangu akatoka chumbani akidhani nimepigwa na umeme. Nikairudia mara tatu. Binti akaniuliza, "Baba, unamlilia nani?" Sikuwa nalia, moshi wa mkaa tu. Mwongozaji anaeleza sababu ya kukikata: pale Ripley anakimbia kuokoa roho yake, chombo kinakaribia kulipuka, ukimsimamisha aongee na mtu ukutani mbio zinapoa. Nilimwelewa, ingawa kwa kisu chake hicho amenigombanisha na Mwaisa zaidi ya miaka 25.

Na hayo yalikuwa mwanzo tu. Lile dude lenyewe, Mhariri, ndani yake alikuwamo Mwafrika! Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa anasomea uchoraji London. Walikuwa wanatafuta mtu mrefu mwembamba ambaye hata ukimtazama huamini kama kuna binadamu ndani ya vazi, wakamkuta baa. Urefu wake ulizidi mita 2. Kuna picha za majaribio akitembea polepole bila vazi kamili, anakunja magoti kama korongo anayepita kwenye matope. Lile vazi lilikuwa na mkia, kwa hiyo hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, wakamtengenezea bembea ya kupumzikia. Hiyo ndiyo muvi pekee aliyocheza, na alifariki mwaka 1992 kwao Nigeria. Miaka yote ile pale kibandani tulikuwa tunasema Wazungu wana mashetani yao, kumbe anayetukimbiza ni ndugu yetu wa Lagos. Nani kwenye simu angeniambia hilo? Kwenye muvi jina lake linapita mwishoni, wakati mwenye kibanda ameshabonyeza kitufe cha kurudisha mkanda.

Jingine lilinichekesha kwa sababu ya hapa kwetu. Ile miguu mikubwa ya chombo kinapotua, watu wanaonekana chini yake kama sisimizi. Kumbe haikuwa mikubwa kiasi hicho. Ridley Scott aliwavalisha wanawe wawili na mtoto wa mpiga picha wake mavazi ya anga yaliyoshonwa kwa kimo chao, akawasimamisha pale, jicho likadanganyika. Nikainuka nikaleta picha ya binti yangu aliyopigwa akiwa na miaka sita kwenye kimondo cha Mbozi. Kile chuma kina urefu wa kama mita 3, lakini kwenye picha kinaonekana kama lori la Scania. Mpiga picha wa pale alikataa kabisa mimi niingie. Alisema, "Mzee, wewe kaa pembeni, utakipunguza." Hakusomea Uingereza, lakini ujanja ni uleule.

Yale mayai kwenye pango, ule ukungu wa mwanga wa buluu juu yake ni leza waliyoiazima kwa bendi ya The Who. Kinachotikisika ndani ya yai ni mikono ya Scott mwenyewe kwenye glavu. Na pale dude linapotoboa kifua cha mtu mezani, waigizaji wenzake walijua kuna kitu kitatoka, ila hawakujua damu itaruka kiasi gani. Yule dada Veronica Cartwright ilimpata usoni, na ule mshtuko wake haukuigizwa. Utumbo waliotumia ulikuwa wa kweli, na chini ya taa za moto ulianza kunuka. Binti yangu hapo aliacha kusoma kidogo.

Najua kuna watakaosema ukishaonyeshwa jikoni, chakula hakiliki. Mke wangu ni mmoja wao. Mimi kazi yangu ni kufungua vifuniko. Nimeona ndani ya redio nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado ikitoka taarifa ya msiba kwenye redio niliyoitengeneza mwenyewe nywele zinasimama. Nilipoirudia Alien nikiwa nimeshamjua Badejo, niliogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa namtafuta.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na simu. Ni na wenzangu wa vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi, hapa Kabwe na kule stendi. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5. Ninyi mnaikamua mpaka inabaki MB 700 ili kwenye flashi moja zienee nyingi. Kinachokamuliwa kwanza ni maandishi ya chini, kisha ile sauti ya pili ambayo mwongozaji anaisimulia kazi yake mwanzo hadi mwisho. Diski ya pili hamuigusi kabisa. Nimeshawaona mkiitupa kwenye boksi la takataka ikiwa haina hata mkwaruzo. Msiitupe, niuzieni mimi. Nanunua 1,000 kila moja, na nikipata yenye maelezo ya sauti naongeza.

Na ninyi wa Bongo Muvi, nina ombi dogo. Kwenye muvi zenu mvua inanyesha juu ya nyumba moja tu, ya jirani ni kavu. Nataka kumwona kijana aliyeko juu ya paa na ndoo.

Limebaki suala la shilingi 500. Nilimwita Mwaisa, nikamketisha, nikamwonyesha kipande. Alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, hicho kimekatwa. Kilichokatwa hakikutokea. Kwenye muvi Dallas alikufa palepale kwenye bomba, na nusu elfu yangu naitaka." Nikamwambia Scott mwenyewe alikirudisha kwenye muvi alipoitengeneza upya mwaka 2003. Akajibu kwamba sisi tuliwekeana mwaka 1996, na dau linafuata muvi ya siku ile. Hapo nilikwama, na mpaka leo ninaandika hivi sijapata la kumjibu. Kama kuna msomaji wenu anayejua sheria za mambo haya aandike, ila afanye haraka kidogo, Mwaisa ameanza kudai na riba.

Fundi Deki,
Mwanjelwa, Mbeya.