Barua kwa Mhariri: Langoni nayo ni Lamu

Mhariri,

Tangu UNESCO ilipouingiza mji wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, husifiwa zaidi majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani na milango yake ya nakshi, huku Langoni, mtaa tulikolelewa sisi watoto wa mahamali na wavuvi katika nyumba za makuti, ikitajwa kwa kupita tu. Marehemu baba alipakia boriti za mikoko jahazini, na begani alikuwa na sugu nene niliyopenda kuibonyeza kwa kidole, naye akicheka. Kuuza boriti hizo nje ya nchi kulipopigwa marufuku mwaka 1982, akageukia kuchunga punda wa kubeba mchanga, kazi aliyoichukia. Naomba wazee waliosalia wahojiwe, na simulizi zao zihifadhiwe makumbusho, kando ya siwa, lile baragumu kubwa la kale la sherehe.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu