Tuitwe Kabla ya Greda: Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wahandisi washauri wenzangu wa Mtwara na Lindi, pamoja nanyi wahandisi wahitimu mliojiunga nasi mwaka huu, karibuni katika mkutano mkuu. Taarifa ya fedha ataisoma mweka hazina, na ya mafunzo iko kwa katibu. Mimi muda wangu karibu wote nitautumia kwa jambo moja ambalo mwaka huu umelileta mezani kwa nguvu: mhandisi mshauri, yaani yule anayechunguza, kusanifu na kusimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, anaitwa lini katika mradi, na akishaitwa anaachiwa uhuru kiasi gani.

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyotawala mwaka wetu. Mvua za El Niño zilikuwa zimeshailowesha ardhi tangu mwishoni mwa 2023. Mapema Mei kikafuata kimbunga Hidaya, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo. Njia ya lami iliyobaki ilikuwa ile ya kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea, zaidi ya mara mbili ya umbali wa kawaida. Kila mmoja wetu aliulizwa na jirani au abiria mwenzake: hivi madaraja haya nani aliyapimia? Swali ni halali, na linastahili jibu la kitaalamu kuliko lawama.

Jibu lenyewe liko kwenye hesabu tunayoifanya kila siku lakini hatuielezi kwa wanaotulipa. Tukisema kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25, diwani anasikia kwamba miaka 25 itapita salama. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 wa kupata maji yanayozidi kipimo hicho. Barabara ikikaa miaka 20, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja unafika asilimia 56. Hata daraja la mafuriko ya miaka 100, likitumika kwa miaka 50, lina karibu asilimia 40 ya kukutana na maji makubwa kuliko lilivyohesabiwa. Mwajiri, yaani mwenye mradi, akizijua namba hizi kabla ya kuidhinisha usanifu, anachagua kwa macho mawili: aongeze midomo ya kalavati leo, au akubali kwamba ipo siku maji yatapita juu, basi tuta likingwe kwa mawe na zege ili yakipita yasilibebe. Uamuzi huo ni wake. Kazi yetu ni kuhakikisha haufanyi gizani.

Tena pwani yetu si ngeni kwa vimbunga. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitukosa kidogo tu, kikaingilia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo napendekeza mkutano huu uazimie kwamba kila mwanachama anayesanifu mfereji, kalavati au daraja katika mikoa hii atumie takwimu za mvua zinazofika hadi msimu uliopita, na aende mwenyewe kuwauliza wazee wa kijiji maji yalifika wapi. Alama ya tope kwenye shina la mwembe ni kipimo. Ipimwe kwa leveli na iandikwe kwenye ripoti.

Wapo wanaosema uchunguzi wa awali unachelewesha maendeleo. Mkoa wetu una jibu la swali hilo tangu enzi za Mwingereza. Mwaka 1946 ujumbe uliotumwa kukagua uwezekano wa kilimo kikubwa cha karanga Tanganyika ulikaa wiki 9 tu. Kwa ripoti hiyo wakaanza 1947: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikatandazwa kwenda bara kuzisubiri karanga. Kongwa udongo ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta, na mvua hazikuwa zile zilizoandikwa kwenye makadirio. Mapema 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyobebwa na serikali ya Uingereza ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Bandari imebaki na leo inapakia korosho, kwa sababu kina cha asili cha ghuba ya Mtwara ni jambo la kweli ambalo lilikuwepo kabla ya mpango wowote. Ninapoulizwa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi huo wa awali, unafaa nini, huwa naanza na reli hiyo.

Ndugu zangu, upande wa pili tunayo miundombinu iliyobadilisha maisha ya kusini. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka kusubiri kivuko Rufiji na kukwama wiki nzima za masika. Daraja la Mkapa, mita 970, lilimaliza adha hiyo mwaka 2003. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, likatuunganisha na Msumbiji mwaka 2010. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, sasa inasafishwa Madimba na kwenda Dar es Salaam kwa bomba la inchi 36. Wananchi humjua aliyekata utepe na pengine mkandarasi. Lakini kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa kuna watu waliotoboa ardhi kutafuta mwamba, wakapima mto kiangazi na masika, wakachora, wakakadiria gharama, wakaandaa makabrasha ya zabuni. Baadaye wakasimama pale kila siku kukagua zege. Hao ndio sisi, na sioni sababu ya kuona haya kusema hivyo mbele ya Bunge au baraza la madiwani.

Hapa niseme kwa kirefu kidogo kuhusu maji ya uwanda wa Makonde, kwa kuwa ndipo umuhimu wa mshauri unapoonekana waziwazi. Watu wanaishi juu, Newala, Tandahimba na Nanyamba. Maji yako chini mabondeni, kama Kitangari na Mitema. Kila ndoo inapandishwa kwa umeme. Kupandisha mita 1 ya ujazo kwa kimo cha mita 100, kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 65 kwa pamoja, kunakula takribani uniti 0.4 za umeme, na hapo hujahesabu msuguano ndani ya bomba. Ukipunguza kipenyo cha bomba hadi nusu na kulazimisha maji yale yale yapite, msuguano unaongezeka karibu mara 32. Bomba jembamba ni rahisi dukani. Bili ya umeme yake italipwa na mamlaka ya maji, yaani na mama wa Newala, kwa miaka 30 ijayo. Mshauri asiye na duka la mabomba wala kampuni ya ukandarasi ndiye pekee mezani mwenye nafasi ya kuifanya hesabu hiyo bila kuvutwa na faida. Akiitwa baada ya mabomba kununuliwa, utaalamu wake umeshapotea bure.

Ndiyo maana utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri inajenga yenyewe kwa kutumia mafundi bila mkandarasi, unanitia wasiwasi, ingawa natambua umejenga madarasa na vituo vya afya vingi kwa fedha kidogo na kuwapa mafundi wetu kazi. Mahali pengi mhandisi mmoja wa halmashauri anatarajiwa kusimamia maeneo yaliyotawanyika wilaya nzima, hana gari la uhakika wala maabara ya kupimia udongo. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja aliitwa kukagua jengo lililopasuka kuta kabla halijapakwa rangi. Msingi ulikuwa umekaa juu ya udongo unaovimba ukilowa, na hakuna shimo hata moja la majaribio lililochimbwa. Gharama ya kuchimba mashimo hayo ingekuwa ndogo mno kuliko ya kubomoa. Tutaziandikia halmashauri zote za mikoa miwili tukiomba kila jengo la umma lipate angalau uchunguzi wa udongo na ukaguzi wa mshauri kwenye msingi, linta na kenchi.

Sasa upande wetu. Mikataba ya 2017 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inamtaka Mhandisi anayesimamia mkataba asiegemee upande wowote anapoamua dai kati ya mwajiri na mkandarasi, ingawa mshahara wake unatoka kwa mwajiri. Heshima hiyo inalindwa kwa kuwepo kazini. Hakuna mwanachama wa chama hiki atakayesaini hati ya malipo ya kazi ambayo yeye au Mhandisi Mkazi wake, yule anayekaa kwenye eneo la kazi, hajaikagua. Kokoto ngumu ukanda wa pwani ni adimu, nyingi husafirishwa kutoka upande wa Masasi, na kishawishi cha kuchanganya mawe laini ya karibu ni kikubwa. Anayekizuia ni mtu aliye pale lori linaposhusha mzigo. Malalamiko yakithibitika, kamati ya maadili itayapeleka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, awe nani.

Kuhusu ununuzi, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 sasa inatumika na zabuni zinapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Uwazi umeongezeka. Tatizo letu ni kuuana kwa bei: kampuni inashuka mpaka inashindwa kumlipa Mhandisi Mkazi, kisha inamtuma kijana asiye na uzoefu. Mnaofanya hivyo mnajua, na mnaliumiza taifa.

Barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, inawahitaji vijana wetu maabara na kwenye upimaji. Mradi wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, ukianza utahitaji wengi zaidi, na kampuni ndogo moja moja haitaingia. Tuunde ubia mapema. Kila ofisi ichukue angalau mhitimu mmoja wa mpango wa SEAP, ule wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, na ampeleke site, asimfungie kwenye kompyuta.

Maazimio mawili, la takwimu za mvua na la barua kwa halmashauri, yako kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Naomba mwanachama wa kuyatolea hoja na wa kuunga mkono, tuyajadili kabla mweka hazina hajapanda.