Mwanangu, subiri miezi tisa itimie

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata kwa shangazi yako, pamoja na habari ambayo hukutaka niipate: jioni umeanza kucheza mpira na wenzako, na kocha anakutaka kwenye mechi ya wiki ijayo. Tangu upasuaji wa goti ni miezi sita tu. Mtaalamu wa fiziotherapia alisema tisa, nami nilikuwa nimekaa pale pale.

Najua goti haliumi. Hilo ndilo linalonitisha. Ile kano waliyoitoa nyuma ya paja wakaipandikiza badala ya ligamenti iliyokatika, ule ukanda unaoshika mifupa ya goti pamoja, haijakomaa. Mwanzoni hulegea kwanza, mishipa ya damu iingie, ndipo ikaze. Uvimbe na maumivu huondoka mapema, yenyewe bado. Utafiti wa Oslo uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji anaosubiri, hadi wa tisa, hupunguza karibu nusu ya hatari ya kuumia tena. Hata hiyo tisa si tiketi. Ruka kwa mguu mmoja, upimwe. Uliopasuliwa usipofika asilimia 90 ya mwenzake, unasubiri. Ulipokuja Pasaka suruali ilikupwaya paja la kulia. Limejaa? Hukuniambia.

Putellas unayempenda, yule kiungo wa Hispania, aliumia goti Julai 2022, Euro ya wanawake ikianza kesho yake. Alirudi mwishoni mwa Aprili 2023, na Agosti akabeba Kombe la Dunia. Klabu kubwa kama Barcelona ilimsubiri, sembuse timu yenu!

Lile bao lako la Kirumba majirani wanalisimulia mpaka leo, nami sichoki kusikia. Sikukatazi mpira. Nakukataza wiki ijayo.

Ukirudi, pasheni miili moto kweli kweli, si kuzunguka uwanja mara mbili mkipiga soga. Ule utaratibu wa FIFA wa dakika 20 hauna gharama: kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yamekunjwa, yasiingie ndani. Wasichana mnaumia goti hili zaidi ya wavulana, na mara nyingi hakuna aliyekugusa. Ni kutua vibaya au kugeuka ghafla.

Yule mwenzako aliyeanguka juzi, mwambie asikandwe maji ya moto wala asichuliwe. Goti likilia "pwa" na kuvimba ndani ya saa chache, ni barafu, bandeji, mguu juu, kisha hospitali akachunguzwe. Huenda asipasuliwe, wapo wanaopona kwa mazoezi tu. Lakini aanze kwa daktari.

Baba yako hasemi kitu. Yeye ndiye aliyezoea kusema mchezaji hodari hajihurumii. Siku hizi mchezaji akianguka kwenye televisheni ameshika goti, anainuka anakwenda uani.

Neema, tisa. Kama unaona aibu kumwambia kocha, nipe namba yake nimwambie mimi.

Hela uliyotuma nimenunulia mabati ya jiko, na iliyobaki ni viatu vya mdogo wako, maana vya zamani vimemtoa vidole. Kuku wa kienyeji wameanza kutaga. Shangazi yako anapanda basi Ijumaa na dagaa na unga wa muhogo. Kampokee stendi, ila mzigo mpe wa bodaboda, usiubebe wewe. Na kocha uwe umeshaongea naye kabla hajafika, kwa sababu nimemtuma aulize.

Mama yako